Mapigo ya Chini: Njia ya Umeme wa Moyo Inapokatika

Mkimbiaji wa marathoni anayefanya mazoezi kule Iten, Kenya, anaweza kuamka asubuhi, akajipima mapigo, akakuta 40 kwa dakika, akavaa viatu na kwenda zake mbio. Bibi wa miaka 75 anaweza kupimwa zahanati, akakutwa na mapigo hayohayo 40, na ikawa ni dharura ya kulazwa siku hiyohiyo. Namba ni moja, hatari haifanani hata kidogo. Moyo wa mkimbiaji umezoeshwa kwenda taratibu na njia yake ya umeme ni nzima. Ya bibi imekatika mahali fulani, na hayo mapigo 40 yanayomweka hai yanatoka kwenye chanzo cha akiba ambacho kinaweza kunyamaza wakati wowote.

Hapo ndipo magonjwa ya umeme wa moyo yanapowachanganya watu. Tumezoea kuuliza presha ngapi, mapigo mangapi, na tukipewa namba tunaridhika. Kwa ugonjwa huu namba ni mwanzo tu wa maelezo. Swali lenye uzito ni hili: hitilafu iko sehemu gani ya njia? Ukilishika, utaelewa kwa nini mgonjwa mmoja anaambiwa aende nyumbani arudi kupimwa baada ya mwaka, na mwenzake, ambaye wala hajisikii vibaya sana, anaambiwa awekewe betri ya moyo, yaani kifaa kidogo cha kuuendesha moyo kwa umeme, wiki hii.

Umeme unapita wapi

Moyo una vyumba vinne. Viwili vya juu hupokea damu, viwili vya chini huisukuma: cha kulia kuelekea mapafuni, cha kushoto kuelekea mwili mzima. Ili kazi iende vizuri, vya juu vinatakiwa vibane kwanza, vya chini vifuate baada ya kitambo kidogo sana. Utaratibu huo unaongozwa na umeme ambao moyo unauzalisha wenyewe. Ubongo na homoni huuongeza au kuupunguza kasi, lakini si wao wanaouwasha. Ndiyo maana moyo uliopandikizwa hupiga ndani ya kifua cha mtu mwingine hata kama hakuna mshipa wa fahamu uliounganishwa nao.

Chanzo cha umeme ni kundi dogo la seli ukutani mwa chumba cha juu cha kulia, karibu na mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka kichwani na mikononi. Madaktari huliita nodi ya SA. Mtu mzima akiwa ametulia, nodi hii hutoa mapigo 60 hadi 100 kwa dakika, ambayo kwa siku hufika kama laki moja. Umeme ukitoka hapo unasambaa kwenye vyumba vya juu, navyo vinabana. Kisha unakutana na kizingiti, kwa sababu vyumba vya juu na vya chini vimetenganishwa na tishu ngumu isiyopitisha umeme. Kwa watu wengi pana sehemu moja tu ya kuvukia, na hapo ndipo ilipokaa nodi ya AV. Nodi hiyo huuchelewesha umeme kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kuchelewesha huko ni kwa faida, kwani ndiko kunakovipa vyumba vya chini muda wa kujaa damu kabla havijabana.

Kutoka nodi ya AV umeme unaingia kwenye fungu la His, fungu linagawanyika kuwa tawi la kulia na tawi la kushoto, na matawi yanamalizikia kwenye nyuzi nyembamba za Purkinje zinazoutawanya umeme haraka mno hadi vyumba vyote viwili vya chini vinabana karibu kwa pamoja. Njia hii haikugunduliwa kwa mpigo mmoja. Jan Purkinje wa Bohemia aliziona nyuzi hizo kwenye moyo wa kondoo mwaka 1839, bila kujua kazi yake. Wilhelm His alilieleza fungu lake mwaka 1893. Kisha mwaka 1906 Mjapani Sunao Tawara, akifanya kazi Marburg, Ujerumani, akaifuatilia njia nzima kwa hadubini na kuonyesha kwamba vipande hivyo vyote ni mfumo mmoja. Mwaka uliofuata, huko Uingereza, Arthur Keith na Martin Flack wakakipata chanzo chenyewe, nodi ya SA, wakichunguza moyo wa fuko. Cha ajabu ni kwamba waliokuja mwisho ndio waliopata mahali safari inapoanzia.

Kabla hatujaenda mbele, kuna jambo moja la kushika sana. Kila sehemu ya njia hii ina uwezo wa kuanzisha mapigo endapo iliyo juu yake itashindwa. Eneo la nodi ya AV na mwanzo wa fungu la His linaweza kutoa mapigo 40 hadi 60 kwa dakika. Nyuzi za chini kabisa hutoa 20 hadi 40. Kadiri unavyoshuka, ndivyo akiba inavyokuwa ya polepole na isiyotegemeka. Kwa hiyo njia ikikatikia juu, mgonjwa bado ana akiba nzuri chini yake. Ikikatikia chini, anabaki na akiba dhaifu kuliko zote.

Kwenye karatasi ya ECG

Kipimo kinachoonyesha yote haya ni ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, ambayo Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, aliitengeneza mwanzoni mwa karne ya 20 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Unalala chali, unabandikwa vishikio kifuani, mikononi na miguuni, na baada ya dakika chache karatasi inatoka. Haiumi, haiingizi umeme mwilini; inasoma tu ule ulioko.

Ukipata nafasi ya kuishika karatasi yako, iangalie kwa karibu. Ina viraba vidogo, kila kimoja kikiwa ni sekunde 0.04, na kila viraba vitano vimezungushiwa mstari mnene kuwa kiraba kikubwa cha sekunde 0.2. Kwenye mstari wa mapigo utaona kwanza kilima kidogo cha mviringo. Hicho madaktari hukiita P, na maana yake ni kwamba vyumba vya juu vimepata umeme. Baada ya nafasi fupi unapanda mchongoko mrefu mwembamba, QRS, vyumba vya chini vikipata wa kwao. Mwisho ni kilima kipana cha T, misuli ikijiandaa kwa pigo lijalo. Nafasi ya kutoka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS ndiyo inayosimulia safari ya kupita nodi ya AV na fungu la His. Kawaida haizidi kiraba kikubwa kimoja.

Ikizidi kiraba hicho, lakini kila P ikafuatwa na QRS yake, hicho ni kizuizi cha daraja la kwanza. Umeme unachelewa ila unafika wote. Watu wengi wanacho na hawajui, wakiwamo wanamichezo wa mbio ndefu, na mara nyingi hakihitaji matibabu yoyote zaidi ya kupitia upya dawa anazotumia mtu na kumpima tena baada ya muda.

Daraja la pili ni pale baadhi ya P zinapokosa QRS, yaani baadhi ya mapigo yanapotea njiani. Hapa pana aina mbili, na nakuomba msomaji utulie kidogo, kwa sababu macho yanaweza kukudanganya. Aina ya kwanza inaitwa Wenckebach, kwa jina la daktari Mholanzi aliyeieleza mwaka 1899. Nafasi kati ya P na QRS inarefuka pigo hadi pigo, inarefuka tena, kisha pigo moja linakosekana, halafu mzunguko unaanza upya. Karatasi inaonekana imevurugika kwelikweli. Aina ya pili inaitwa Mobitz II. Nafasi zote ziko sawasawa, nzuri, hazibadiliki, na ghafla pigo moja halipo.

Mtu asiyejua akipewa karatasi mbili hizi achague iliyo salama, atachagua ya Mobitz II kwa sababu imenyooka. Atakuwa amechagua ya hatari. Wenckebach kwa kawaida ni uchovu wa nodi ya AV yenyewe, mahali ambapo mishipa ya fahamu inaweza kupunguza mwendo mtu akiwa usingizini, na ambapo akiba nzuri ipo chini yake. Vijana wenye afya huipata usiku na wanaamka salama. Mobitz II ni dalili kwamba fungu la His au matawi yake, chini ya nodi, yameharibika. Sehemu hizo hazina desturi ya kuchoka polepole: zinapitisha umeme au hazipitishi. Mgonjwa wa Mobitz II anaweza kuwa na mapigo 60 leo na kesho njia ikafunga kabisa bila kumpa onyo.

Kufunga kabisa ndiyo daraja la tatu. Karatasi yake ukiiona mara moja huisahau. P zinakwenda kwa mwendo wao, labda 80 kwa dakika. QRS zinakwenda kwa mwendo wao, labda 35. Na hakuna uhusiano wowote kati ya hizi na zile. Vyumba vya juu vinabana bila kujua vya chini vinafanya nini. Daktari ataangalia pia upana wa QRS. Zikiwa nyembamba na mapigo yako 50 hivi, akiba inayofanya kazi iko juu, karibu na nodi. Zikiwa pana na mapigo yako 30, akiba iko chini kabisa, na hapo hakuna muda wa kusubiri.

Hata dawa ya dharura inafuata ramani hiyohiyo. Atropini inayochomwa kwenye mshipa huamsha nodi ya AV vizuri, kwa hiyo kizuizi cha juu mara nyingi huitikia. Kizuizi cha chini haitegemewi kukisaidia, na timu inapaswa kujiandaa mapema kuuendesha moyo kwa umeme wa nje.

Anayeanguka ghafla

Hatari kubwa ya vizuizi hivi vya chini ni kuzimia, na kuzimia huku ndiko kunakofichika zaidi katika jamii zetu. Akiba ikikawia kuanza, moyo unasimama kwa sekunde kadhaa. Ubongo ukikosa damu kwa sekunde kama kumi, mtu anapoteza fahamu papo hapo, akiwa amesimama, amekaa au hata amelala. Moyo ukisimama zaidi ya hapo, mikono na miguu inaweza kutikisika. Robert Adams aliandika juu ya hali hii mwaka 1827 na William Stokes mwaka 1846, wote wakiwa madaktari wa Dublin, na hadi leo inaitwa kwa majina yao mawili.

Ndugu wanaoshuhudia wanaona mtu ameanguka na anatikisika. Wengi watasema kifafa. Wengine watasema presha imeshuka, wengine majini, na safari za kwenda huku na kule zinaanza. Simlaumu mtu yeyote, maana kwa macho ya kawaida mambo haya yanafanana. Lakini kuna tofauti ambazo aliyekuwepo anaweza kuzikumbuka. Anayezimia kwa moyo kusimama huanguka bila kujisikia chochote kabla, hupauka, kisha moyo ukirudi uso wake huiva wekundu au kupata joto, na ndani ya dakika moja hivi ana akili zake zote, anauliza mbona mmenizunguka. Wa kifafa akishatikisika hubaki amechanganyikiwa au anasinzia kwa muda mrefu, na mara nyingi ameuma ulimi pembeni. Anayezimia kwa kusimama sana juani au kwa kuona damu huwa na onyo: kichefuchefu, jasho, macho kuingiwa giza.

Kosa la kuita kifafa haliishii kwenye jina. Karbamazepini, moja ya dawa za kifafa zinazotumika sana, inaweza kuzidisha kizuizi cha umeme wa moyo. Mgonjwa anaanza dawa, anaanguka zaidi, kipimo cha dawa kinaongezwa. Ndiyo maana mimi naona mtu mzima aliyeanza "kifafa" ukubwani, hasa baada ya miaka 50, hatakiwi kupewa hata kidonge kimoja kabla hajapimwa ECG. Kipimo hicho ni rahisi mno kulinganisha na madhara ya kukikosa. Na ECG moja ikitoka nzuri, bado haijamaliza kazi, kwa sababu kizuizi kinaweza kuja na kuondoka. Kama anaendelea kuanguka, anahitaji kile kifaa kidogo cha kuvaa kifuani kinachorekodi mapigo kwa saa 24 au zaidi, ambacho hospitali nyingi hukiita Holter.

Ukimwona mtu ameanguka, mlaze chali, angalia kama anapumua. Usimtie kijiko mdomoni, wala usimmwagie maji. Kama haitikii na hapumui kawaida, ita msaada na anza kumkandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma mpaka msaada ufike au aamke.

Matawi, chanzo, na njia ya ziada

Si kila hitilafu inazuia mapigo. Tawi moja likifunga, umeme wa upande wake haupotei, ila unafika kwa kuzunguka: unashuka na tawi zima, kisha unavuka taratibu kupitia misuli, kama gari lililoacha lami na kushika njia za panya. Kwenye ECG mchongoko wa QRS unakuwa mpana. Tawi la kulia likifunga kwa mtu asiye na ugonjwa mwingine, mara nyingi si jambo la kutisha. Tawi la kushoto ni habari nyingine, kwa sababu kufunga kwake mara nyingi huambatana na presha ya muda mrefu, mishipa ya moyo iliyoziba, au moyo uliotanuka, kwa hiyo lazima moyo wenyewe uchunguzwe kwa ekokadiogramu, kipimo kinachoonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti. Pia, chumba cha kushoto kinachobana upande mmoja kabla ya mwingine kinapoteza nguvu. Kwa mgonjwa ambaye moyo wake tayari umechoka, kuna betri maalumu inayozichochea pande zote mbili zibane pamoja, na wengine hupata nafuu kubwa ya pumzi. Mtu mwenye hitilafu kwenye matawi ambaye pia anazimia asichukuliwe kijuujuu, kwani huenda tawi lililobaki nalo linakatika kwa vipindi.

Nodi ya SA nayo huzeeka. Inakwenda taratibu, inaruka mapigo, na kwa baadhi ya watu inapishana na vipindi vya mapigo kwenda mbio ovyo. Mara chache huua moja kwa moja, lakini humwangusha mzee akavunjika nyonga, na yale mapigo ya mbio yasiyo na mpangilio yanaweza kutengeneza damu iliyoganda ndani ya moyo, ikaenda ubongoni na kuleta kiharusi.

Kuna pia wanaozaliwa na njia ya ziada pembeni ya nodi ya AV. Madaktari Wolff, Parkinson na White waliieleza hali hiyo mwaka 1930. Ni vijana, wazima, wanaosikia moyo ukianza kwenda mbio ghafla na kuacha ghafla. Wengi hawana hatari kubwa. Lakini njia ya ziada haina ule ucheleweshaji wa nodi ya AV, na vyumba vya juu vikianza kutetemeka ovyo, umeme wote unaweza kumiminika chini kwa kasi inayoweza kusimamisha moyo. Hao hutibiwa kwa kuichoma njia hiyo kwa waya mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja, na wengi hupona kabisa.

Nini huikata njia

Sababu kubwa ni umri. Tishu za njia hukakamaa na kuwa kovu, hata kwa mtu ambaye hakuvuta sigara wala kunenepa. Shambulio la moyo ni sababu nyingine, na hapa tena mahali ndipo panapoamua. Shambulio la upande wa chini wa moyo huigusa nodi ya AV, na kizuizi chake mara nyingi huondoka chenyewe ndani ya siku chache. La upande wa mbele likileta kizuizi, limeua sehemu kubwa ya misuli pamoja na matawi, na hali ni mbaya zaidi. Homa ya baridi yabisi kwa watoto inaweza kurefusha ile nafasi ya P na QRS. Dondakoo inaweza kuleta kizuizi kamili. Mtoto anaweza kuzaliwa na mapigo ya chini kwa sababu kingamwili za mama, hasa mwenye ugonjwa wa lupasi, ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, zimevuka kondo la nyuma na kuharibu nodi yake akiwa tumboni. Klorokwini ikitumiwa kwa miaka mingi inaweza kuiharibu njia. Sumu za dawa za kuulia wadudu shambani hushusha mapigo kwa ghafla.

Sababu ninayotaka kuikazia ni ile inayoondoka ukiigundua: dawa na figo. Chukua mzee mwenye presha anayetumia atenolol, dawa ya presha inayopunguza pia mapigo, kila siku kwa miaka na hana shida. Anapata ugonjwa wa kuharisha, hanywi maji ya kutosha, figo zinapungukiwa damu. Atenolol hutolewa mwilini na figo, kwa hiyo sasa inabaki na kujikusanya. Potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu, nayo hutolewa na figo, nayo inapanda. Dawa iliyozidi na potasiamu iliyopanda vyote viwili vinapunguza umeme wa moyo. Mapigo yanashuka, moyo unasukuma damu kidogo, figo zinazidi kukosa damu, na duara linajizungusha. Anafika hospitali ana mapigo 28, anaonekana anahitaji betri. Pengine hahitaji. Akipewa maji kwa uangalifu, akashushwa potasiamu na kusimamishiwa dawa, mapigo yanaweza kurudi ndani ya siku moja au mbili. Dawa nyingine za moyo na presha, kama verapamili, diltiazemu, digoksini na amiodaroni, nazo zimo kwenye orodha hii. Usiache dawa ya presha au ya moyo kwa uamuzi wako, maana kuacha ghafla nako kuna hatari. Ila nenda hospitali na vidonge vyenyewe mkononi, vyote, pamoja na vya mitishamba.

Betri ya moyo

Sababu ikiwa haiondoki na njia imekatika chini, tiba ni betri ya moyo. Ya kwanza kuwekwa ndani ya mwili wa binadamu iliwekwa tarehe 8 Oktoba 1958 katika hospitali ya Karolinska, Stockholm. Mgonjwa alikuwa Arne Larsson, mwenye miaka 43, aliyekuwa anazimia mara nyingi kwa siku, na mkewe Else-Marie ndiye aliyewasumbua daktari Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist mpaka wakakubali kujaribu kitu ambacho hakijawahi kufanyika. Elmqvist alikimwagia kifaa utomvu wa plastiki ndani ya kikopo cha dawa ya viatu ili kipate umbo. Kilifanya kazi saa chache tu, kikabadilishwa. Larsson aliendelea kubadilishiwa vifaa kwa miaka zaidi ya 40, jumla 26, na alifariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86, kwa saratani. Alikuwa ameishi kuliko mhandisi na daktari wake wote wawili.

Leo kazi hii haipasui kifua. Unachomwa ganzi chini ya mtulinga, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega, nyaya moja au mbili zinapitishwa kwenye mshipa hadi ndani ya moyo zikiongozwa na eksirei, kisha kifaa kinashonewa chini ya ngozi. Kwa kawaida huchukua saa moja hadi mbili. Tanzania huduma hii inapatikana katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, Kenya katika hospitali kubwa za Nairobi, na Uganda katika Taasisi ya Moyo ya Uganda, Mulago. Kikwazo kikubwa ni bei ya kifaa, hasa kwa familia isiyo na bima. Kwa ajili hiyo Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kiliendesha utafiti wa kusafisha na kutumia tena betri za watu waliofariki. Ulihusisha wagonjwa karibu 300 wa nchi saba, Kenya ikiwamo, na matokeo yaliyotolewa Novemba 2024 hayakuonyesha kwamba zina maambukizi zaidi kuliko mpya. Kwangu mimi hiyo ni habari njema kuliko mtindo wowote mpya wa kifaa, kwa kuwa wapo wanaokufa kwa ugonjwa ambao tiba yake ilikuwa tayari imezikwa pamoja na mtu mwingine.

Aliyewekewa betri hupewa kadi yenye jina la kifaa chake, na anatakiwa kutembea nayo. Kwa wiki kadhaa za mwanzo haruhusiwi kuinua mkono wa upande huo juu ya bega, ili nyaya zisichomoke. Simu aiweke sikio la upande wa pili, asiiweke mfuko wa shati juu ya kifaa. Redio, televisheni na jiko la umeme havina shida. Mashine ya kuchomelea vyuma ni ya kuuliza kwanza, na kabla ya kipimo cha MRI, kile cha picha kinachotumia sumaku kubwa, lazima aseme ana betri, kwa sababu baadhi ya vifaa vinaruhusu na vingine haviruhusu. Joto, usaha au uwekundu pale kiliposhonewa ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyohiyo, si ya kukanda kwa maji ya moto. Betri nyingi hudumu miaka 8 hadi 12, nazo hazikatiki ghafla: kwenye kila kliniki fundi huisoma kwa kifaa kilichowekwa juu ya ngozi na kuona kilichobaki, na ikikaribia kwisha hubadilishwa kifaa peke yake, nyaya zikiwa nzima zinabaki palepale.